Babu Yetu Mjerumani Alitoka Wapi?

Wasomaji wetu wengi, khasa walio upande wa Kaskazini, hawatashangaa tukisema kwamba katika nchi hii wako watu ambao babu yao alikuwa Mjerumani. Ni watu wa kawaida kabisa: wakulima, walimu, madereva, mafundi wa reli, wazee wa mabaraza. Wengine rangi yao huwatangaza kabla hawajasema neno. Wengine huwezi kuwajua mpaka waseme wenyewe, na wengi hawasemi. Ukiwauliza babu huyo alitoka mji gani, alikuwa mtoto wa nani, na jina lake la ukoo lilikuwa lipi, watakutazama tu.

Sisi tunaoandika haya tu miongoni mwao. Kwetu ni Kifaru, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare, kwenye njia ya kwenda Kahe na Moshi. Zamani pote hapa paliitwa Wilaya ya Upare na makao yake yalikuwa Same. Siku hizi wilaya ni mbili, Same na Mwanga. Babu yetu alikuja na reli, akazaa mtoto mmoja, naye ndiye baba yetu. Wakati wa vita kuu ya kwanza aliondoka, wala hakusikika tena. Wajukuu tuliobaki ni wachache, na mdogo wetu amekwisha pita miaka sabini. Kwa hiyo twaona yafaa tuyaandike tunayoyajua, nayo ni machache, kabla hayajafuatana nasi kaburini.

Jina lake la kwao hatulijui. Tunalo jina la kupangwa tu, lile ambalo vibarua walimpa kwa jinsi alivyokuwa akitembea na akigomba. Hatulitaji hapa, maana ziko familia nyingine mbili kwenye reli hiyo hiyo zinazodai kuwa ni la babu yao, na haiwi kwamba wote watatu walikuwa mtu mmoja. Ingawa, tukisema kweli, hata hilo hatuwezi kuliapia.

Tuanze na reli, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye tarehe. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusitasita sana: ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na ndipo ikapita chini ya milima ya Upare hata ikafika Moshi mwaka 1911. Tangu Tanga hadi Moshi ni kilomita 352. Waliochimba, waliobeba mawe na kulaza mataruma walikuwa Waafrika, na wengi wao hawana hata jina la kupangwa katika kumbukumbu za mtu yeyote. Juu yao walikuwako wasimamizi Wazungu. Bibi yetu, binti wa Ugweno, alikuwa akishuka mlimani na wenzake kuuza ndizi na maharage kambini. Huko ndiko walikojuana. Baba yetu alizaliwa reli ilipokwisha kupita, miaka kama miwili hivi kabla ya vita.

Sasa, habari za asili ya babu zimetufikia kwa njia tatu, na hazipatani.

Ya kwanza ni ya mjomba wa baba yetu, naye alishikilia kwamba shemeji yake alitoka Hamburg. Habari hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo tunayoiamini kidogo. Meli zilizoleta Wajerumani na bidhaa zao tangu mwaka 1890 zilikuwa za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, nazo zilitoka Hamburg. Jina la bandari hiyo lilikuwa limeandikwa juu ya makasha. Basi kila Mjerumani aliyeshuka Tanga aliitwa mtu wa Hamburg, kama vile huko ng'ambo mzigo wowote uliotoka pwani yetu ulivyoitwa wa Zanzibar.

Ya pili tuliisikia kwa mzee mmoja wa shamba la mkonge, aliyekuwa mtoto siku hizo. Yeye alisema kwamba babu yetu hakuwa Mjerumani hata kidogo, bali Mgiriki. Hoja yake ni nzuri. Ati alipoketi kula alifanya ishara ya msalaba akianzia bega la kulia, na hivyo ndivyo wafanyavyo Wagiriki na watu wengine wa kanisa la Othodoksi. Tena ni kweli kwamba Wagiriki walikuwa wengi katika ujenzi wa reli ya Wajerumani, wakichukua vipande vya kazi kwa mkataba, na baadaye wakawa wenye mashamba. Vibarua hawakuwa na sababu ya kutenganisha Mzungu huyu na yule. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, na bakora ilikuwa ya Mjerumani, hivyo kila aliyesimama nyuma ya bakora alikuwa Mjerumani.

Ya tatu ni ya bibi mwenyewe. Bibi hakujua jina la nchi wala la mji. Alichokumbuka ni kwamba babu alimwambia kuwa kwao hakuna bahari. Uko mto mpana ambao ng'ambo yake haionekani vizuri, na wakati wa baridi mto huo huganda ukawa kama jabali, magari ya farasi yakapita juu yake. Bibi alisimulia haya kama mtu asimuliaye uwongo wa mume wake, akicheka. Lakini alikumbuka pia kwamba babu alisali kwa Kijerumani, na alipojikata kidole alitukana kwa lugha nyingine, isiyokuwa Kijerumani wala Kiswahili.

Tulipokuwa vijana tulicheka pamoja na bibi. Mambo ya baadaye ndiyo yaliyotufanya tuisikilize upya hadithi hiyo ya mto. Wajerumani hawatoki Ujerumani tu. Mwaka 1763 Malkia Catherine wa Urusi aliwaita wageni waje kulima katika nchi yake, na Wajerumani kwa maelfu wakaenda kukaa kando ya mto Volga. Wakakaa huko vizazi kwa vizazi, wakilinda lugha yao na dini yao, bila kuiona Berlin. Na baadhi ya watu wa namna hiyo walifika kwetu. Karibu na mwaka 1906 serikali ya Wajerumani ilileta familia za Wajerumani wa Urusi kulima chini ya mlima Meru, upande wa Leganga; na baada yao wakaja wengine waliokuwa wamehamia Palestina. Wengi wa hao wa Urusi hawakufanikiwa, wakatawanyika kutafuta kazi. Mjerumani anayejulikana kupita wote Kilimanjaro, mchungaji Richard Reusch, ambaye jina lake limebandikwa kwenye shimo la kilele cha Kibo, alizaliwa mwaka 1891 katika nchi hiyo ya Volga; naye alifika Tanganyika mwaka 1923.

Hatusemi kwamba babu yetu alikuwa mmoja wa hao wa Leganga. Mito inayoganda ni mingi katika Ulaya. Lakini mtu aliyekulia kati ya Warusi, asali Kijerumani na kutukana Kirusi, hakuna ajabu kwake. Na huenda mtu huyo huyo, kwa kuishi na majirani wa Othodoksi, akashika hata namna yao ya kujikinga kwa msalaba, ingawa wenye dini yao watatwambia kwamba jambo hilo si jepesi. Yule mzee wa mkonge labda aliona sawasawa, akakosea jina tu.

Liko na jambo la kuondoka kwake. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi, wakapigana na Wajerumani Kahe, si mbali na kwetu. Mwezi wa Mei jeshi la Jenerali Smuts liliteremka kando ya milima ya Upare, na Wajerumani wakarudi nyuma wakiing'oa reli yao wenyewe walipopita. Katika familia yetu imesemwa siku zote kwamba babu alikwenda na jeshi. Lakini bibi alisimulia kwamba walikuja askari wanne wakati wa jioni, vita ikiwa bado changa, wakamchukua. Na babu hakuwa na bunduki mkononi. Kama angekuwa Mgiriki, hakukuwa na sababu ya kuchukuliwa wakati huo, maana Ugiriki haikuwa vitani. Kama angekuwa Mjerumani wa Hamburg, angepewa bunduki. Lakini mtu wa Volga alikuwa raia wa mfalme wa Urusi, na tangu mwezi wa Agosti 1914 Urusi na Ujerumani walikuwa maadui. Yawezekana basi kwamba babu yetu, ambaye kwa miaka mia moja tunaitwa wajukuu wa Mjerumani kwa ajili yake, alifungwa na Wajerumani kwa kuwa si Mjerumani. Hatuna hati ya kuthibitisha. Lakini katika habari zote tatu, hii ndiyo inayoshikana na maneno ya mtu aliyelala naye nyumba moja.

Msomaji atauliza: hati ziko wapi? Serikali ya Wajerumani iliandika kila kitu, hata idadi ya mataruma. Itakuwaje isiandike ndoa wala mtoto? Jibu ni kwamba ilikusudiwa isiandikwe. Mwaka 1906 serikali ya Dar es Salaam ilikataza ndoa kati ya Mzungu na mwenyeji, ikifuata mfano wa koloni la Kusini-Magharibi mwaka 1905. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alifuata hali ya mama yake. Hivyo Mzungu aliweza kukaa na mwanamke wa Kiafrika miaka kumi, wala serikali haikuona kitu. Lakini akitaka kumwoa kwa haki, huyo ndiye aliyevunja amri. Bunge la Ujerumani lenyewe liliona aibu, likatoa azimio mwaka 1912 kwamba ndoa hizo zihalalishwe. Serikali haikulifuata.

Amri hiyo haikutokea bure. Tumkumbuke hapa mwenzetu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903. Alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin, akamwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, kwa ndoa halali ya huko. Mwaka uliofuata alifunga safari kurudi kwao na mke wake. Walipofika pwani walizuiliwa kushuka, kwa kuwa wenye nchi hawakutaka watu waone mwanamke wa Kizungu katika nyumba ya Mwafrika. Ikabidi warudi Ujerumani, na huko ndiko Mtoro alikofia mwaka 1927. Mwenye hati za ndoa alifungiwa mlango wa nchi yake. Wasio na hati waliachwa wazae watoto wasio na baba. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na familia yetu ni sehemu ya hesabu yake.

Baba yetu alibatizwa na mission moja ya milimani. Katika kitabu cha ubatizo limeandikwa jina lake, jina la mama yake na kijiji. Mahali pa jina la baba pamepigwa mstari. Mstari umenyooka sana. Aliyeuandika alitumia rula.

Basi nani aliyemlea? Wajomba zake. Ukoo wa bibi haukuitisha baraza kujadili asili yake. Walimpa jina, wakampa mbuzi, wakampeleka kwa wazee afundishwe kama watoto wenzake, na alipokua wakamgawia shamba mlimani na jingine tambarare. Hatutaki kuwapamba watu kupita kiasi. Utani ulikuwako, na utani mwingine ulichoma. Watoto walimwita mtoto wa reli. Mke wa kwanza aliyemposa alikataliwa na baba yake, na sababu haikufichwa. Lakini hapakuwa na siku ambayo alikosa mahali pa kula.

Watu husahau kwamba Wapare wenyewe ni watu waliotoka mahali pengi. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, ambaye alizunguka milima yote miwili akiketi na wazee wa koo, ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969. Ziko koo zilizotoka Taita, ziko zilizotoka Usambara, na katika Ugweno utawala ulikuwa wa Washana, waliokuwa wahunzi, kabla Wasuya hawajawapindua. Mtu akija na kazi ya maana, au na njaa, alipewa mahali, na wajukuu wake wakawa wenyeji. Hata mkonge, ambao watu wengine wanaudhani kuwa ni mti wa Tanga tangu Nuhu, ni mgeni: asili yake ni Mexico, na Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu. Tena hapa hatujasikia mtu akiuuliza mkonge kabila lake.

Baba yetu alifanya kazi ya mkonge, kisha akalima. Ilipokuja ile kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake, hata kuku wake na migomba yake, alikuwa miongoni mwa maelfu ya Wapare waliotembea mpaka Same mwezi wa Januari 1945 na kukaa huko kupinga. Hakwenda kama mtoto wa Mzungu. Alikwenda na wajomba zake, kwa sababu kibaba chake nacho kilikuwa kimehesabiwa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1947. Tunataja jambo hili kwa kuwa baba alilitaja mara nyingi kuliko alivyomtaja baba yake.

Mwezi wa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, walikuwako wajumbe katika Bunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa. Alisema wazi kwamba uraia haupimwi kwa rangi ya ngozi, na kwamba serikali yake ingekuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Sheria iliyopita ilisema kwamba mtu aliyezaliwa nchini, na mzazi wake mmoja amezaliwa nchini, atakuwa raia tarehe 9 Desemba 1961 bila kuomba. Wengi walidhani mjadala ule ulihusu Wahindi na Wazungu wa mjini tu. La! Katika nyumba yetu ya Kifaru ulisikilizwa kwa makini. Baba aliuliza swali moja: huyo mzazi mmoja, je, mama atosha? Alipoambiwa kwamba mama atosha, alikwenda shambani.

Miaka sitini na zaidi imepita. Wajukuu zetu, ambao kwao Mjerumani ni mtu wa nne nyuma, wameanza kuuliza maswali ambayo sisi hatukuthubutu. Wamesikia kwamba siku hizi damu, au hata mate, yaweza kupimwa yakaeleza mtu ana jamaa wapi. Nao wameyaona ya jirani zetu wa Kilimanjaro. Katika majumba ya makumbusho ya Berlin yamekaa mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki zamani za ukoloni. Mwezi wa Septemba 2023 wenye kuyatunza walitangaza kwamba vipimo vimeyaunganisha machache na jamaa walio hai: watu wa ukoo wa Mangi Molelia, na wa yule Akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Hatuwezi kuyalinganisha mambo yetu na msiba huo. Wao wanatafuta mifupa ya babu zao irudi nyumbani, sisi tunatafuta jina. Lakini ni jambo la kufikiriwa kwamba maiti zetu ziko kwao ndani ya makasha yenye namba, na damu yao iko kwetu bila hata namba.

Wako kati yetu wasiotaka kipimo. Husema: tukigundua kwamba ni watu wa Volga, je, tutapata shamba huko? Na tukigundua kwamba ni Wagiriki, itabidi tuwaombe radhi Wajerumani? Ni utani, lakini chini yake iko hofu. Hofu hiyo si ya bure, maana mtu anayesema sana habari za babu Mzungu hushukiwa kwamba anatafuta kujitenga au anatafuta pasi. Sisi twaona kwamba hofu hiyo imekwisha kutugharimu mengi. Kwa ajili yake baba yetu hakumwuliza mama yake maswali ambayo yeye peke yake aliweza kuyajibu, na bibi alifariki mwaka 1958 akiwa na akili zake zote.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Mpwa wetu anayefanya kazi Dar es Salaam atakwenda kwenye Nyaraka za Taifa, ambako faili za wakati wa Wajerumani zimehifadhiwa, akatazame habari za wafungwa na watu waliotiwa kizuizini mwaka 1914 katika wilaya ya Moshi. Kijana mwingine, aliyesoma Kijerumani, ataandika barua Leipzig, ambako mission iliyofika Shigatini mwaka 1900 ilikuwa na makao yake. Wamishenari waliandika shajara, na Mzungu mgeni katika tambarare hakuwapita bila kutajwa. Kipimo cha damu kitafuata kama vijana wenyewe watakitaka, na kwa gharama yao.

Na sisi wazee tumepewa kazi iliyo rahisi, ya kuwatembelea wale wa familia nyingine mbili zinazolitumia jina lile la kupangwa. Wa kwanza wako Lembeni, na tumekwisha waona. Babu yao, wanasema, alikuwa mfupi, na wetu alikuwa mrefu. Lakini mama mmoja wa makamo alituambia, bila sisi kumwuliza, kwamba bibi yake alikuwa na hadithi ya mto ambao watu hupita juu yake kwa magari.